Nani Mwenye Ardhi? Historia ya Maneno ya Umilikaji Kilimanjaro kwa Kipimo cha Fumbo la Maneno

Utangulizi

Magazeti yetu ya Kiswahili yana desturi ya kuchapa fumbo la maneno lenye visanduku, ambalo wasomaji wengi hulijua kwa jina la chemshabongo. Mtegaji huandika kidokezo kifupi na kutaja idadi ya herufi. Mteguaji naye hutafuta neno moja litakaloenea katika visanduku hivyo, kwa ulalo au kwa wima. Fumbo la namna hii lilichapwa kwa mara ya kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na mtungaji wake alikuwa Arthur Wynne. Kwa hiyo visanduku ni vya ugenini, ingawa kutega na kutegua ni mambo tuliyoyarithi kwa babu zetu.

Hatukuuchagua mchezo huu kwa ajili ya kujifurahisha. Tumeuchagua kwa sababu una sharti moja ambalo ni sharti la istilahi pia, yaani kila kidokezo kiwe na jibu moja tu. Mtu akiweza kuandika majibu mawili katika visanduku vilevile, kosa si lake bali ni la mtegaji. Yapo makundi ya maneno ambayo hulitii sharti hilo bila taabu, kwa mfano majina ya viungo vya mwili au ya zana za seremala. Maneno ya umilikaji wa mali hayamo miongoni mwao. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa historia ya Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro, jinsi swali moja, "Nani mwenye ardhi hii?", lilivyopata majibu mbalimbali kila utawala ulipobadilika. Tutaonyesha pia kwa nini jambo hili lawahusu watunga istilahi wa leo.

Visanduku saba

Tuanze na mfano. Tuseme fumbo lina kidokezo hiki: "Mali aachiwayo mwana na babaye, herufi 7." Mteguaji aliyezaliwa Tanga au Bagamoyo ataandika MIRATHI bila kusita. Mteguaji wa Machame, Kibosho au Marangu aweza kuandika KIHAMBA, naye atakuwa na haki ya kufanya hivyo. Hata maneno ya wima yakisaidia kutoa herufi ya pili, ambayo ni I, na ya nne, ambayo ni A, shaka haitaondoka, kwa maana maneno yote mawili yana herufi hizo katika nafasi hizo. Itabidi herufi nyingine ipatikane ndipo mmoja afute jibu lake.

Je, nani kati yao amekosea? Kwa maoni yetu hakuna. Neno mirathi hutaja njia ambayo mali imempitia mtu, yaani kifo cha aliyekuwa nayo. Neno kihamba hutaja kitu chenyewe, nacho ni ile bustani ya migomba na kahawa inayoizunguka nyumba mlimani, ambamo wazee huzikwa na wana huoa. Si kila mirathi ni kihamba, wala si kila kihamba ni mirathi. Baba aliye hai aweza kumkatia mwanawe kihamba anapooa. Na zamani Mangi aliweza kumgawia mtu kihamba kipya palipokuwa na nafasi. Kidokezo chetu kiliuliza mambo mawili kwa mara moja, ndiyo maana kikapata majibu mawili.

Tuchukue kidokezo cha pili: "Mwenye mali, herufi 7." Hapa jibu ni MMILIKI. Lakini linganisha neno hilo na lile la kidokezo. Mwenye ni neno la Kibantu, nalo haliwezi kusimama peke yake. Mtu akisema "mwenye" akanyamaza, msikilizaji atangoja aambiwe mwenye nini. Twasema mwenye nyumba, mwenye ng'ombe, mwenye mji. Vivyo hivyo twasema kuwa na kitu, maana yake kuwa pamoja nacho. Neno mmiliki, lililojengwa juu ya kitenzi miliki chenye asili ya Kiarabu, husimama lenyewe kama mtu aliyeketi kitini. Laweza kutumika bila kutaja kinachomilikiwa, kwa muda gani, wala kwa idhini ya nani. Hiyo ndiyo faida yake katika sheria, na hiyo ndiyo hatari yake.

Maneno mengi ya sheria ya mali yaliingia katika Kiswahili kwa njia hiyohiyo: mali, milki, urithi, mirathi, rahani, wakfu, ardhi, hati. Yalikomaa pwani, mahali ambapo sheria ya Kiislamu ilikuwa imekwisha kupambanua aina za umilikaji kwa uangalifu mkubwa. Yalipopanda mlima pamoja na misafara, shule na mabaraza, yaliyakuta huko maneno mengine yenye mpangilio wake.

Kihamba, shamba na mfongo

Wachaga hutofautisha kihamba na shamba. Kihamba kiko juu, penye nyumba, nacho kina mimea ya kudumu. Shamba liko chini, tambarare, nalo hulimwa mazao ya msimu kama mahindi, maharage na ulezi. Tofauti hii si ya mahali tu. Kihamba hushikwa na ukoo kwa upande wa kiumeni, kutoka kwa babu hadi mjukuu, na mpaka wake hupandwa masale, mmea ambao kwao una heshima kubwa hata hutumika kuombea radhi. Kwa desturi kitinda mimba wa kiume hubaki katika kihamba cha baba, na kifungua mimba naye hutengewa chake. Wana wa katikati ndio waliolazimika kujitafutia nafasi kwingine.

Ipo kanuni nyingine yenye maana kubwa kwa somo letu. Aliyeazimwa ardhi hupanda mazao ya msimu. Hapandi migomba wala kahawa. Mti wa kudumu ni kama shahidi, na akiachwa aupande, kesho atadai kwamba pale ni pake. Basi hapa tuna watu wawili juu ya kipande kimoja, yule aliyekiazima na yule aliyekiazimisha, na kila mmoja ana neno lake la haki. Kuwaita wote wawili "wamiliki" ni kuwagombanisha.

Maji nayo yana mpangilio wake. Mifereji iliyochimbwa kutoka mitoni hadi vihambani huitwa mifongo. Ukoo wa mtu aliyeuanzisha mfongo ndio uliotoa mkuu wake, anayeitwa meni mfongo, naye alipanga zamu za maji na siku za kusafisha. Hata hivyo hakuyauza maji hayo. Haki ya maji ilimjia mtu kwa kushiriki kazi ya kuutunza mfongo, na aliyekosa kufika kazini alitozwa faini. Mteguaji akiulizwa, "Nani mwenye mfongo?", atajibu jina la ukoo. Akiulizwa, "Nani mwenye maji?", atajibu jina la kila aliyefika kazini.

Na Mangi je? Mangi alikuwa mgawaji wa ardhi isiyokaliwa na mwamuzi wa magomvi ya mipaka. Mamlaka hayo yalikuwa makubwa, lakini ugawaji si umilikaji. Mgawaji akikwisha kugawa, kihamba kilikuwa cha ukoo uliokilima.

"Nipe mji"

Katika kitendawili, kikao kikishindwa kutegua, mtegaji hudai: "Nipe mji." Hapo hupewa Moshi, au Tanga, au Unguja, kisha hujigamba kwamba amekwenda huko na kupokewa kwa shangwe, ndipo atoe jibu. Mji hutolewa kwa mdomo na mtu asiye na mji, na mchezo ukiisha kila mji hubaki mahali pake.

Mwezi Juni 1885 Mangi Rindi wa Moshi alifanya mkataba na Mjerumani Karl Jühlke, na Wajerumani waliusoma mkataba huo kama ukabidhi wa nchi. Mara hii mji haukurudi. Tukiupima mkataba huo kwa maneno tuliyokwisha kuyaeleza, kasoro yake inaonekana wazi: mgawaji alitendewa kama mmiliki. Aliyekuwa na haki ya kugawa ardhi tupu alihesabiwa kuwa na haki ya kutoa vihamba vya watu wote.

Miaka 10 baadaye fumbo lilitegwa upya. Amri ya Kaisari ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola. Uzito wote wa amri hiyo uko katika maneno "isiyo na mwenyewe". Nyika iliyolazwa ili irudishe rutuba, malisho ya pamoja, na mashamba ya tambarare yaliyolimwa kwa msimu, yote hayo machoni pa mgeni hayakuwa na mwenyewe. Kwa Mchaga yalikuwa na wenyewe wengi. Juu ya ardhi ya namna hiyo walowezi walipewa mashamba makubwa, na yapo waliyopewa kwa milki isiyo na kikomo cha muda.

Waingereza walipokuja walibadili kidokezo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya usimamizi wa Gavana, na aliyeitaka alipewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99, huku milki za daima za zamani zikiachwa. Mwaka 1928 sheria hiyo ilirekebishwa ili haki hiyo ihesabiwe pia kuwa mikononi mwa wenyeji wanaokaa kwa kufuata mila zao. Kwa hiyo mwenye kihamba, aliyekuwa mwenye kihamba tangu kwa babu zake, alikuwa sasa mkalia ardhi ya umma. Migomba yake haikuhama hata hatua moja. Kilichohama ni neno.

Wakati huohuo kahawa ilikuwa ikienea. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, chenye makao yake Moshi mjini. Kahawa ilikifanya kihamba kiwe na thamani ya fedha, nacho kikazidi kugombaniwa. Uhaba wa ardhi ulizidi hata serikali ikamtuma Jaji Mark Wilson kuchunguza ugawaji wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1947. Mwaka huohuo Petro Itosi Marealle alitoa kitabu chake, Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera. Twakitaja kwa sababu kinathibitisha kwamba Kiswahili kilikwisha kuwa na uwezo wa kueleza mila za mlimani kwa kalamu ya mwenyeji, bila kungoja tafsiri.

Baada ya Uhuru

Mwaka 1958, katika maandishi yake yaitwayo Mali ya Taifa, Mwalimu Nyerere alipinga ardhi kufanywa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa kwa milki ya daima. Msingi wa hoja yake ulikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake, na kwamba kile mtu anachoweza kukiita chake ni jasho alilolitia humo. Fikira hiyo iliingia katika sheria. Mwaka 1963 milki za daima ziligeuzwa kuwa ukodi wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodi huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kukalia. Mwaka 1963 pia utawala wa machifu uliondolewa, na kwa hiyo Mangi hakuwa tena mgawaji.

Wakati huo ulizaa maneno mapya na kuyapa ya zamani maana mpya. Kutoka katika neno taifa tulipata kutaifisha. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Msajili, ambaye kwa kawaida ya lugha ni mtu wa kuandika majina daftarini, akawa mwenye nyumba, na wapangaji wa mijini wakazoea kusema kwamba wanakaa katika nyumba ya Msajili. Mwezi Oktoba 1973 mashamba makubwa ya kahawa ya Kilimanjaro yalitaifishwa. Mwaka 1974 sheria ilitamka kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya Jamhuri. Basi hata meni mfongo alipata swali jipya la kujibu.

Mwaka 1991 Serikali iliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji. Zilifuata Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Sheria hizo zasema kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Zasema pia kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na haki iliyotolewa na Serikali. Kwa tamko hilo mwenye kihamba alirudishiwa sehemu kubwa ya alichopokonywa na maneno ya mwaka 1895.

Herufi moja

Hapa ndipo tunapofikia jambo lililotusukuma kuandika. Chukua kidokezo hiki: "Alicho nacho mwenye ardhi, herufi 10." Mmoja ataandika HAKIMILIKI na mwingine HATIMILIKI. Maneno hayo yamelingana herufi kwa herufi isipokuwa ile ya tatu. Katika fumbo tofauti ya K na T ni ya kisanduku kimoja. Katika baraza la ardhi ni tofauti ya kubaki na kufukuzwa. Haki ni stahili ya mtu. Hati ni karatasi inayoishuhudia haki hiyo. Wako watu wengi mlimani ambao wana haki bila ya kuwa na hati, na sheria ya mwaka 1999 yaitambua haki yao. Lakini mara ngapi tunasikia ikisemwa, "Huyu hana hatimiliki," na wasikilizaji wakaelewa kwamba hana haki? Anayefaidika na mkanganyiko huo ni yule aliyewahi ofisini kupata karatasi.

Taabu ya pili ni ya neno hakimiliki lenyewe. Mwaka uleule wa 1999 ilitungwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7, inayolinda kazi za waandishi, wanamuziki na wasanii. Basi mwaka mmoja ulilipa neno moja kazi mbili: haki ya mtunzi juu ya wimbo wake na haki ya mkulima juu ya ardhi yake. Istilahi yenye maana mbili katika fani ya sheria ni kisanduku chenye majibu mawili.

Taabu ya tatu yawahusu wanawake. Mila za urithi wa kiumeni zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Kwa lugha yetu, alikuwa mtumiaji, hakuwa mmiliki. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, katika shauri lililotoka Bukoba, iliamua kwamba ubaguzi huo hauwezi kusimama mbele ya Katiba. Sheria za mwaka 1999 nazo zilitamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Hata hivyo mjane wa kihambani bado huitwa na wengi "mlinzi wa kihamba", yaani anayewatunzia wanawe. Neno mlinzi lina heshima, ila halimpi sauti siku ambayo shemeji wanataka kuuza. Tukimwandika mlinzi katika daftari, tumekwisha kumhukumu kabla ya baraza kukaa.

Mambo haya hayakuwa na uzito huu wakati mashauri yaliandikwa kwa Kiingereza. Lakini Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno la Kiswahili si tafsiri tena. Ni lenyewe litakalomfunga au kumfungua mtu.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii, tunapendekeza mambo yafuatayo kwa wanaoshughulika na istilahi za ardhi:

(i) Kila istilahi ya umilikaji ijibu swali moja tu kati ya haya manne: nani, kitu gani, kwa haki ipi, na kwa ushahidi upi. Mmiliki, mtumiaji, mgawaji na mdhamini wasichanganywe.

(ii) Haki na hati zitenganishwe daima. Palipo na hatari ya kukosea, iandikwe "haki ya ardhi" na "hati ya ardhi" kwa maneno mawili yaliyo wazi.

(iii) Hakimiliki iachiwe kazi za utunzi na sanaa, ambako imekwisha kukita mizizi, na haki ya kukalia ardhi ipewe jina lake peke yake.

(iv) Maneno ya lugha zetu yaliyo na maana mahususi, kama vile kihamba na mfongo, yapokewe katika kamusi na katika sheria kwa umbo lake. Kihamba si shamba, na kukiita shamba ni kukishusha mlimani.

Hitimisho

Huenda msomaji akasema kwamba wakulima hawasomi orodha za istilahi. Ni kweli, lakini karani wa kijiji huzisoma, na hakimu huzisoma, na jina la mkulima huandikwa katika safu waliyoichora wao. Mtegaji wa gazeti akikosea, jibu sahihi huchapwa katika toleo lijalo na hakuna aliyepungukiwa. Anayetunga istilahi za ardhi hana toleo lijalo la kusahihishia. Kwa hiyo hatuna budi kuhesabu visanduku vyetu kwa uangalifu kabla hatujamtaka mtu ajaze jina lake.